Nimwandike mfanyakazi wa kumi au nimfiche?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina bekari hapa Morogoro, tunaoka mikate na skonzi. Wafanyakazi wangu ni tisa, wote wana mikataba. Sasa oda za shule zimenizidi, nahitaji mtu wa kumi. Mhasibu ananiambia nikimwandika huyo nitaanza kudaiwa SDL, ile tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa wote, kwa hiyo nimlipe mkononi, asionekane popote. Wenzangu wenye bekari nao wameandika barua ya kumpelekea mbunge, wanataka tozo na michango yote ya mishahara ifutwe kwa wafanyabiashara wadogo. Nisaini?
Mama Mikate, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhasibu wako hesabu anaijua, ila ushauri wake usiufuate. Na barua hiyo usiisaini kama ilivyo.

Tuanze na hesabu. Tuseme kila mmoja unamlipa 300,000. Wakiwa tisa, SDL hudaiwi hata senti. Akiingia wa kumi, mishahara inafika milioni 3, na kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2023 unatoa 105,000 kila mwezi. Tozo haimhesabu yule wa kumi peke yake, inarudi nyuma na kuwabeba wale tisa. Kwa hiyo mtu mmoja anakugharimu mshahara wake na zaidi ya theluthi juu yake, hapo hujagusa mchango wa pensheni wa NSSF. Ndiyo maana nimeingia bekari na karakana za useremala nikakuta tisa kwenye karatasi, kumi na wawili kazini.

Huyo asiye kwenye karatasi ndiye ninayemwogopea. Nilikuwa na bekari Iringa, na nilikuwa na kijana wa namna hiyo. Saa tisa usiku alikuwa akikwangua unga kwenye ukingo wa mashine ya kukandia kabla haijasimama. Aproni ikashikwa, mkono ukafuata. Nilimfunga taulo tukakimbia na bajaji, yeye akiniuliza njia nzima kama vidole vyote vipo. Viwili havikuwepo. Matibabu nilimlipia, lakini fidia ya ulemavu hakuipata, kwa sababu mimi sikuwa nimemwandikisha kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko huo kwa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.5 mwaka 2022. Kwa mshahara wa 300,000 ni 1,500 kwa mwezi. Mpaka leo nikiona mashine ile naiangalia kwenye ukingo.

Sasa wenzako wanataka yote yafutwe, na hiyo 1,500 imo humo humo. NSSF na fidia ni mali ya mfanyakazi. Mkienda kuomba vifutwe, mbunge akiwauliza wakandaji na wachomaji wenu wanasemaje, mtamjibu nini?

SDL ni habari nyingine, na hapo mna hoja. Imo katika Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, Sura ya 82, na haikuandikwa kwenye jiwe. Mpaka mwaka 2021 ilikuwa inaanza kwa waajiri wenye wafanyakazi wanne, ndipo ikasogezwa hadi kumi. Kiwango kilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013, kikashuka kidogo kidogo, huku waajiri wakilia nacho bajeti baada ya bajeti. Basi ombeni jambo moja tu: tozo ihesabiwe kuanzia mfanyakazi wa kumi, wale tisa wa kwanza waachwe. Kwako itakuwa 10,500 badala ya 105,000. Waliofichwa watatoka, na NSSF itapata wanachama ambao leo haiwaoni.

Msisubiri Juni. Muswada wa Sheria ya Fedha huingia bungeni na bajeti, na ukipita huanza kazi Julai 1. Kamati ya Bajeti husikiliza wadau, lakini wakati huo wizara imeshaandika inachotaka. Mwoneni mbunge akiwa jimboni, nakala ipelekeni Wizara ya Fedha na ofisi ya mkoa ya TCCIA, chama cha wenye biashara na viwanda. Karatasi iwe moja: kila bekari, ina wangapi kwenye mikataba, ingeongeza wangapi sheria ikibadilika. Majina ya wasioandikwa msiyaweke, msije mkawaponza watu. Na msiende wenye bekari peke yenu. Nenda na mmoja wa wale tisa wako, yule anayejua kusema, na umwachie nafasi aseme kabla yako. Kama wapo wanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kati yao, tawi nalo lijulishwe.

Na huyu wa kumi? Kaa na daftari lako. Kama unatoa mikate 400 kwa siku, siku 26 za mwezi, hiyo 105,000 inaangukia kama shilingi kumi kwa mkate. Ongea na shule kuhusu hiyo shilingi kumi, waeleze inakwenda wapi. Wakikubali, mwandike siku hiyo hiyo anayoanza, na mashine ya kukandia asiiguse mpaka umemwonyesha mwenyewe inavyozimwa.