Walijitoa mhanga, au waliweka maisha rehani?

SWALI: Nafundisha Historia sekondari. Katika maelezo ya somo la Vita Kuu ya Pili ya Dunia niliandika: "Baadhi ya Wapolandi walijitoa mhanga, wakawaficha Wayahudi na kuhatarisha maisha yao." Mwalimu mwenzangu anasema "kujitoa mhanga" siku hizi ni kwa walipuaji mabomu tu. Je, nifute?

JIBU: Mwalimu, msemo huo ulikuwapo kabla ya walipuaji, na si haki kuwaachia. Mhanga ni kafara. Anayejitoa mhanga huutoa uhai wake akijua harudi. Daktari Janusz Korczak wa Warsaw, Myahudi, alipata nafasi ya kujiokoa akakataa kuwaacha yatima aliowalea. Agosti 1942 wakapelekwa pamoja Treblinka, kambi ya mauaji ya Wajerumani, kuuawa. Huyo alijitoa mhanga hasa.

Hao unaowaandika wewe hawakuchagua kufa. Walitaka wao na waliowaficha waione amani pamoja, ingawa katika Poland iliyokaliwa na Wajerumani adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo. Kwao msemo unaofaa zaidi ni kuweka maisha rehani, kwa sababu rehani hukombolewa au hupotea. Irena Sendler, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliwatorosha watoto kutoka geto la Warsaw, mtaa walikofungiwa Wayahudi. Mwaka 1943 alikamatwa, akateswa, akahukumiwa kifo. Wenzake wakatoa hongo, akaachiwa, akaishi hadi 2008. Józef na Wiktoria Ulma, wakulima wa kijiji cha Markowa, hawakupata bahati hiyo. Tarehe 24 Machi 1944 askari waliwaua Wayahudi wanane waliofichwa nyumbani kwao, kisha Józef na Wiktoria, aliyekuwa mjamzito, kisha watoto wao sita.

Kinachonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "yao" ya mwisho. Maisha ya nani? Ikitanguliwa na "wakawaficha Wayahudi", mwanafunzi anaweza kuelewa kwamba waliofichwa ndio waliohatarishwa na wenyeji wao, na hapo wema unageuka lawama. Tanguliza hatari, kisha sababu yake: "Baadhi ya Wapolandi waliweka maisha yao rehani ili kuwaficha Wayahudi." Ukipenda "walihatarisha maisha yao", mpangilio uwe huohuo. Ila "walijitolea" peke yake haitoshi. Hata anayefagia soko bila malipo amejitolea.

Na hiyo "baadhi ya" usiiondoe kamwe. Wapo pia waliowasaliti majirani zao.