Barua kwa mwanangu: Kabla hujanunua mota nyingine

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeuliza mambo mawili: kwa nini gari lako la rimoti la kipimo cha 1/10 linakula gia kubwa kila baada ya wiki mbili, na kama dawa ya mota inayochemka ni kununua yenye nguvu zaidi kabla ya mashindano mliyopanga na wenzako hapo Buzuruga. La pili nalijibu kwanza: usinunue. Mota yenye nguvu zaidi itakula meno yaleyale, ila mapema zaidi.

Anza na gia iliyokufa. Ichomoe, ipanguse, ishike dirishani uyatazame meno. Kama yamenyolewa ncha tu, mzunguko mzima, basi gia kubwa na gia ndogo ya mota zilikaa mbalimbali mno. Kama yameng'oka matatu au manne mahali pamoja na mengine ni mazima, hapo lilipita jiwe. Yaking'aa na kulainika kama mshumaa ulioyeyuka ukapoa, gia zilibanana. Na kama yameliwa zaidi ubavu mmoja, mota imekaa upande; mara nyingi skrubu yake moja imelegea.

Kisha soma maandishi ubavuni mwa gia zote mbili. Gia yako kubwa ni ya pichi 48, ambayo kwa moduli ni kama 0.53; pichi na moduli ni vipimo viwili vya ukubwa wa meno. Gia ndogo za moduli 0.6 zinafanana nayo kwa macho, na ukizizungusha kwa mkono hutaona tofauti, lakini mzigo ukija meno yanapandana. Wauzaji wa mtandaoni huziweka zote kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kama hazilingani, haya mengine yote yasubiri mpaka upate gia ndogo sahihi.

Zikilingana, kazi ni kuziweka kwa nafasi. Legeza skrubu mbili za mota mpaka isogee, isining'inie. Kata utepe wa karatasi ya fotokopi wenye upana wa gia, uingize katikati ya gia mbili, kisha sukuma mota mpaka meno yaikamate karatasi. Kaza. Zungusha gia kubwa karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa vizuri kama marinda ya sketi, umepata. Ikichanika, zimebana, ikitoka na alama hafifu, ziko mbali. Hapo wengi huacha, na ndipo wanapokosea, kwa sababu gia ya plastiki haiwi duara kamili. Tia alama ya kalamu kwenye jino moja, zungusha robo kwa robo, na kila robo ishike gia ndogo isizunguke huku ukitikisa gia kubwa kwa kidole. Lazima usikie mchezo mdogo sana, yaani ulegevu kidogo kati ya meno, tik tik, kila mahali. Sehemu iliyobana kuliko zote ndiyo utakayopimia upya.

Skrubu za mota ni M3. Zipanguse kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya skrubu ya buluu, kwa sababu zinaingia kwenye chuma. Gundi hiyo usiipeleke kwenye plastiki, inaifanya ipasuke. Angalia pia urefu wake: skrubu ndefu mno hupita mpaka ndani ya mota na kugusa waya, na hapo utakuwa umeiua mwenyewe kwa alenki, ufunguo wako wa skrubu. Skrubu ndogo ya gia ya mota nayo ikae juu ya ule ubapa wa shafti, sio pembeni yake.

Sasa joto. Umesema gia kubwa ina meno 87 na gia ndogo 23. Gawanya, upate 3.78, zidisha kwa 2.6, uwiano wa ndani ya giaboksi ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, upate 9.8. Maana yake mota inazunguka mara 9.8 ili tairi izunguke mara moja. Kwa lami ndefu ni sawa. Kwenu mna mita 20 za kunyoosha kisha kona, kisha kona tena, kwenye mchanga. Mota inaanza upya kila baada ya sekunde chache, na kila inapoanza inavuta umeme mwingi, na umeme huo ndio joto. Weka gia ndogo ya meno 19: 87 kwa 19 ni 4.58, mara 2.6 ni 11.9. Utapoteza kama asilimia 17 ya kasi ya juu kabisa, kasi ambayo kwenye mita 20 huifikii hata hivyo. Utatoka kwenye kona haraka zaidi. Ukibadilisha gia hiyo, mota itasogea kama milimita moja kuelekea gia kubwa, kwa hiyo rudia karatasi.

Endesha dakika 3, simama, pima kopo la mota, yaani ganda lake la nje, kwa kipimajoto cha kuelekeza, kile kisichogusa. Kisha dakika 5, pima tena. Mimi mpaka wangu ni nyuzi 70. Sumaku ya ndani ikizidiwa na joto hupoteza nguvu, na ikipoa nguvu hiyo hairudi. Kama una gia ya 19 na bado inapita hapo, chomoa mota kabisa usukume gari kwa mkono juu ya sakafu. Likigoma au likikwaruza, tatizo ni beringi.

Na hapa Mwanza beringi zinakufa kweli. Mchanga wetu ni majabali yaliyosagika, chembe zake ni ngumu na zina kona. Ndiyo maana gia kubwa haipakwi grisi hata kidogo: grisi inaushika mchanga, na unapata msasa unaozunguka. Gia za wazi ziende kavu. Matundu ya kifuniko cha gia yazibe kwa tepu, hasa lile la chini ambalo kila mtu hulisahau. Usafi ni brashi ya rangi, laini, iliyo kavu. Kompresa ya mziba pancha usiielekeze kwenye beringi, inasukuma vumbi ndani badala ya kulitoa.

Klachi ya kuteleza, ile yenye springi na nati ya mbele, nayo ni mlinzi wa gia. Ikikazwa mpaka mwisho, kila mruko unaishia kwenye meno. Ilegeze mpaka gari likiondoka kwa nguvu usikie mvumo mfupi wa kuteleza kwa kama nusu mita, basi. Ikiteleza zaidi ya hapo itachemka yenyewe na kuyeyusha gia kutoka katikati. Ukiruka kilima, achia kidole kwenye kifyatulio cha kasi kabla tairi hazijagusa ardhi. Tairi inayozunguka kwa kasi ikagusa ardhi na kusimama ghafla, mshtuko wote unaenda kwenye jino moja.

Kuhusu mashindano sina mengi. Dakika 5 kwa mbio zinatosha. Mipaka wekeni kamba nene, mnazipata Mwaloni kwa wauza nyavu, sio mawe. Waliomaliza mbio wabaki uwanjani kuyageuza magari ya wenzao yaliyopinduka. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Kuzima, gari kwanza. Na hakikisha mawimbi ya rimoti yakikatika gari linasimama lenyewe: liinue, tairi zizunguke, zima rimoti uone.

Gia zile mbili zilizokufa usizitupe. Zifunge kwenye bahasha uniletee Nyegezi Jumapili, nitazame meno kwa macho yangu.

Mama yako anauliza kama bado unachaji ile betri juu ya kochi. Mwambie hapana, na iwe hapana kweli.

Baba