Shangazi Anajibu: Nimpeleke mama shule ya mapishi Toscana?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kitinda mimba wa mama yangu, ambaye mwakani anatimiza miaka 67. Nimedunduliza fedha ili twende wawili tu kwenye shule ya mapishi mashambani Toscana, Italia. Mama amepika maisha yake yote, vyakula vya nyumbani na vya harusi, na wapishi wenzake wakimwona anaingia jikoni humpisha. Nina hofu tatu. Kwanza, sisi hatuwezi kukaa jiko moja: nikishika mwiko, ananinyang'anya. Pili, hagusi nguruwe wala mvinyo, na sitaki alishwe kitu bila kujua. Tatu, magoti yanamsumbua. Kaka zangu wanasema mtu wa umri ule hafundishwi kupika, bora nimnunulie friji. Wewe unasemaje?

Kitinda Mimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Friji kaka zako wanaweza kumnunulia hata kesho. Safari hii ni wewe unayeweza kumpa, tena umpe akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Nami nilikwenda na mama yangu, Mungu amrehemu, huko huko Toscana, upande wa kusini wa Siena, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua. Nianze na la mwiko, maana ndilo litakaloamua kama mtarudi mnacheka au mmenuniana.

Ugomvi wa jikoni kati ya mama na binti huanzia kwenye sufuria moja. Mwandikie mwenye shule kabla hujalipa, umwombe kila mtu awe na ubao wake, unga wake na maji yake. Shule nyingi za mashambani hufanya hivyo kwenye tambi, lakini mchuzi hupikwa kwa pamoja, na hapo ndipo mwiko utakapogombewa. Mwachie mama mchuzi. Wewe kamata kuosha mboga, kuchambua maharage na kumuuliza mwalimu maswali. Mama akitia chumvi kabla ya wakati, nyamaza. Mwalimu yupo, atasema mwenyewe.

Kama wanakuruhusu kuchagua cha kujifunza, waombe waanze na pici. Hizi ni tambi nene za Siena: unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo ya zeituni, na wengi hawatii yai. Donge hupumzishwa, hutandazwa, hukatwa vipande vyembamba, kisha kila kipande husukumwa kwa viganja viwili kuanzia katikati kwenda nje mpaka kiwe uzi mrefu. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa rika la mama, na hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza. Alisukuma uzi wa kwanza, mama akatazama. Cha mama kikawa kinateleza ubaoni bila kuzunguka. Hakumuuliza mtu. Alipangusa unga wote uliokuwa mbele yake, akalowesha kiganja kidogo, akajaribu tena, na safari hii uzi ukazunguka mpaka ukaning'inia ukingoni mwa meza. Mwalimu aliacha kazi yake, akamshika mama mkono, akamwita mumewe aje aone. Unga ukizidi ubaoni, tambi haina pa kushikia. Mwanafunzi wa kawaida huambiwa hilo mara nyingi kabla halijamwingia. Mama alilijua kwa vidole, kwa miaka aliyosukuma chapati.

Waeleze kaka zako hivyo. Mama yenu anakwenda kukutana na wapishi wenzake, na wao watamtambua akishika tu donge. Wala usijifanye mkalimani wa kila neno. Mfasirie vipimo na tahadhari, mengine waache wayamalize wenyewe kwa mikono. Utaona mengi ambayo hukuwahi kuyaona nyumbani, kwa sababu nyumbani ulikuwa unanyang'anywa mwiko na kuondoka jikoni.

Sasa chakula, na hapa nakuomba usione haya kuuliza. Vijijini Italia nguruwe hukaa mahali usipomtarajia. Ragù, ule mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huanza na mafuta ya nguruwe na hutiwa mvinyo. Mkate bapa wa Romagna, piadina, wengine huukanda kwa shahamu ya nguruwe na wengine kwa mafuta ya zeituni. Supu ya maharage yaweza kuwa imechemshwa na mfupa wa paja la nguruwe, na ukiiangalia bakulini huoni kitu. Panna cotta, kitindamlo cha krimu, hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Tiramisù, kitindamlo cha kahawa na jibini laini, wengine huichanganya na kileo. Jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na masheikh hawana kauli moja kuhusu jibini la namna hiyo, basi mama amuulize sheikh wake kabla ya safari, asije akasumbuka moyo mezani.

Andika kwa Kiitaliano kwenye barua yako ya kwanza: senza maiale, senza strutto, senza vino, senza alcol. Yaani bila nguruwe, bila shahamu yake, bila mvinyo, bila kileo chochote. Ongeza kwamba mnaomba sufuria na mwiko visivyochanganywa. Mwenye shule akijibu kwa kutaja chakula kimoja kimoja atakachowapikisha, huyo ni mtu wa kumwamini. Akijibu "hakuna shida" bila neno jingine, tafuta pengine. Nyama iliyochinjwa kihalali ni adimu vijijini, hivyo mama ajiandae kuishi kwa mboga, mayai, samaki na maharage. Kwa bahati nzuri jiko la Toscana ni tajiri sana wa vyakula hivyo. Kuna pici kwa mchuzi wa nyanya na aglione, kitunguu saumu kikubwa cha bonde la Valdichiana ambacho hakichomi ulimi. Kuna pappa al pomodoro, mkate uliolala ukapikwa na nyanya mpaka ukalainika. Kuna ribollita, ya maharage, mkate na sukuma nyeusi ya kule. Na kuna castagnaccio, keki ya unga wa njugu za chestnut, zabibu kavu na majani ya rosemary, ambayo kwa kawaida haina sukari wala kileo. Mkate wao wa kila siku hauna chumvi kabisa. Mwambie mapema, la sivyo atadhani mwokaji amesahau.

Magoti yake yanahitaji maswali ya wazi pia. Somo huchukua saa tatu hadi nne, na watu husimama karibu muda wote kabla ya kukaa kula walichopika. Pici zinaweza kusukumwa mtu akiwa ameketi, basi omba kiti na meza ya kimo cha kawaida. Nyumba nyingi za wageni mashambani ni za mawe, za zamani, vyumba viko juu na lifti hakuna. Sema unataka chumba cha chini, chenye bafu la kusimama ambalo halina ukingo wa kuruka. Kwa matembezi, Montepulciano ni mji mzuri lakini barabara yake kuu ni mlima mtupu. Mpeleke Pienza, mji mdogo ambao Papa Pius II aliujenga upya kuanzia mwaka 1459. Mitaa yake ni tambarare kiasi, maduka ya jibini la kondoo yamepangana, na ukutani unaliona bonde lote la Val d'Orcia bila kupanda ngazi.

Kaeni mahali pamoja kwa wiki nzima, na masomo yasizidi matatu, kila moja lifuatwe na siku ya kupumzika. Najua ukishalipa nauli ya mbali hivyo unataka kuona na Florence, na Roma, na Venice. Mama mwenye magoti mabovu ukimburuta na masanduku stesheni tatu, hata mwiko hatakuwa na nguvu ya kuunyang'anya. Ningependa mkae kwenye agriturismo, shamba linalopokea wageni. Sheria ya Italia ya mwaka 2006 inataka kilimo kibaki ndicho kazi kuu ya mahali hapo, kwa hiyo mafuta, mboga na mayai mengi mtayakuta yakitoka papo hapo. Nendeni mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 35, na kusimama mbele ya jiko wakati huo ni adhabu. Mkiweza kusogea hadi Novemba mtakuta mafuta mapya ya zeituni, ya kijani, yanayokwaruza koo. Mama yangu aliyapenda kuliko yote tuliyoonja.

Gari usikodi. Leseni yetu huhitaji kibali cha kimataifa cha udereva, katikati ya miji kuna maeneo yaliyozuiwa magari yanayolindwa kwa kamera, na faini hukufuata hadi nyumbani miezi baadaye. Kutoka uwanja wa Fiumicino pandeni treni hadi Roma Termini, kisha nyingine hadi stesheni ya Chiusi-Chianciano Terme, na mwenye shule awapokee hapo. Tiketi za karatasi za treni za mikoa zigongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

La viza ni hili. Ombi la viza ya Schengen, ile ya Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Unaweza kupeleka ombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka. Kila mmoja wenu ana faili lake, na kwenye la mama uweke uthibitisho kwamba wewe ni binti yake na ndiwe unayegharamia. Shule na chumba viwekee nafasi inayorudishwa fedha mpaka viza zote mbili zitoke.

SWALI

Shangazi, hujambo. Mimi ndiye mama. Binti yangu ana miaka 15, hapendi kupika na hataki kusikia habari za unga. Nifute safari yetu ya masomo ya mapishi huko Emilia-Romagna, Italia?

Mama Mtu

JIBU

Sijambo, mama mwenzangu. Usifute. Punguza masomo yabaki moja, na siku nyingine mpeleke kwenye kiwanda kidogo cha Parmigiano Reggiano karibu na Parma au Modena. Weka nafasi mapema, na muwahi asubuhi sana, maana maziwa hayamngoji mtu. Atawaona mafundi wakipika maziwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, zaidi ya lita 1,000 kila moja, halafu wawili wanainua donge kwa kitambaa na kulikata kati kupata magurudumu mawili, kila moja litafikia karibu kilo 40. Halafu ghalani ataona rafu zilizopanda hadi dari, jibini limelala miezi 12 kwa uchache, na mkaguzi akiligonga kwa nyundo ndogo kusikiliza kama ndani kuna ufa. Mpe binti hiyo kazi ya kuuliza na kupiga picha. Jioni mwombe akueleze hatua kwa hatua, na wewe usimkatize.