Kabla hujanunua kripto, jifunze kuiuza: uzoefu wangu hapa Tanga

Mkuu, swali lako nimelisoma, na nalirudia kwa ufupi ili anayepita ajue tunajibu nini. Uko Muheza, una laki na nusu mkononi. Kaka yako aliyeko Muscat anataka kuanza kukutumia hela kwa USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola. Wakati huohuo kuna mtu kakuingiza kwenye kundi la Telegram linaloahidi asilimia 2 kila siku. Waleti, P2P, TRC20, maneno 12, yote yamekuchanganya, na unauliza ununue sarafu gani kwanza.

Usinunue yoyote. Anza na kuuza.

Mimi niko Tanga mjini, nachora nembo na matangazo. Kripto sikuifuata, ilinifuata yenyewe: mteja wangu wa nje alichoshwa na makato ya benki, akasema kazi inayofuata atalipa kwa USDT, nikitaka nikubali, nisipotaka basi. Kwa hiyo sikuwahi kujiuliza kama itapanda au itashuka. Nilichotaka kujua ni namna ya kuigeuza iwe shilingi nilipe kodi ya chumba Makorora. Wenzangu wengi hapa mjini walianza upande wa pili, wakanunua kwanza kisha wakaanza kuulizia namna ya kutoka, na wengine mpaka leo wana namba nzuri kwenye skrini lakini hawajawahi kushika hata elfu kumi yake.

Hilo kundi lako tulimalize mapema. Chukua kikokotoo: laki na nusu kwa asilimia 2 kwa siku, faida ikirudi ndani kila siku, baada ya mwaka inapita shilingi milioni 200. Mwenye mashine ya namna hiyo angekutafuta wewe wa Muheza ili iweje? Watu wazima wanaikumbuka DECI, walivyoambiwa wapande mbegu wavune, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Haya ya sasa ni upatu uleule, mbegu tu ndiyo imebadilishwa jina ikaitwa kripto. Watakuruhusu utoe kidogo mwanzoni ili ukalete shemeji na majirani. Toka humo leo, wala usiwaage.

Sasa tuje kwenye ya kaka yako, maana hiyo ni haja ya kweli.

Bitcoin na USDT si kitu kimoja. Bitcoin ilianza Januari 2009, aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto na hadi leo hajulikani ni nani. Haitazidi milioni 21, na bei yake inaruka: Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. (Na hapana, si lazima ununue nzima. Moja inagawanyika vipande milioni mia moja vinavyoitwa satoshi.) USDT yenyewe imefungwa kwenye dola moja. Inatolewa na kampuni ya Tether, ambayo inasema ina akiba ya kutosha nyuma yake. Mimi huiamini kwa siku chache tu, kwa sababu mwaka 2021 mamlaka za Marekani ziliitoza Tether faini ya dola milioni 41 kwa kauli zake kuhusu akiba hiyo, na kwa sababu kampuni ina uwezo wa kuzuia USDT iliyomo kwenye anwani yoyote (anwani ni ule mfululizo wa herufi na namba unaopokelea sarafu, kama namba ya akaunti). Ikumbuke pia UST, sarafu nyingine, nayo iliahidi kuwa dola moja daima, ikaporomoka Mei 2022 ndani ya siku chache. Kwa hiyo USDT kwangu ni njia ya kupitishia hela. Akiba naweka kwingine.

Kuhusu mitandao, hapa ndipo hela za wageni hupotea bila hata tapeli kuhusika. USDT inasafiri kwenye mitandao tofauti ya kripto, si mitandao ya simu. TRC20 ni mtandao wa Tron, anwani zake huanza na herufi T. ERC20 ni wa Ethereum, anwani huanza na 0x, na makato yake hayalingani na ya Tron. Wewe na kaka yako lazima mtumie mtandao mmoja. Akikosea, mzigo unaweza kwenda mahali ambapo huwezi kuufikia, na huku hakuna namba 100 ya kupiga ukasema nimekosea kutuma. Anwani usiiandike kwa mkono kamwe. Nakili, bandika, kisha linganisha mwanzo, katikati na mwisho. Nasema katikati kwa makusudi: kuna matapeli wanaotengeneza anwani inayofanana na ya ndugu yako herufi za mwanzo na za mwisho, wanakutumia senti chache ili ikae kwenye historia yako, halafu wanangoja siku utakayonakili kutoka humo kwa uvivu.

Waleti, yaani pochi ya kuhifadhia kripto, ziko za aina mbili. Ya kwanza ni akaunti kwenye soko la kripto, yaani kampuni ya mtandaoni ya kununulia na kuuzia: unajisajili kwa kitambulisho na picha ya uso, wao ndio wanashika funguo. Ni rahisi, lakini soko likianguka unaanguka nalo, waulize waliokuwa na hela FTX, soko lililofilisika mwezi Novemba 2022. Ya pili ni programu ya kwako mwenyewe kwenye simu, inakupa maneno 12 au 24 ya Kiingereza. Maneno hayo ndiyo hela yenyewe. Anayeyajua ni mwenye mali, hata akiwa hana simu yako. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, usiyatume WhatsApp, na yeyote atakayekuomba, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi. Kwa haja yako, hela inayoingia na kutoka siku hiyohiyo, hiyo ya kwanza inatosha.

Kuna mtego mwingine wa maneno 12 nautaja kwa sababu nimeuona ukiwanasa vijana wajanja kabisa. Mtu anaandika hadharani, kwa sauti ya mshamba: "Nina USDT kwenye waleti, maneno yangu ni haya, nisaidieni kuzitoa." Unaingia, unakuta kweli zimo, pengine dola elfu. Kuzihamisha kwenye Tron kunahitaji makato yanayolipwa kwa sarafu nyingine, TRX, na humo hakuna TRX. Unaweka yako kidogo ili uzitoe. Hazitoki, kwa sababu waleti ile imefungwa kwa ruhusa ya anwani nyingine ambayo wewe huna, na TRX yako inakombwa papo hapo. Aliyekwenda kuiba ndiye aliyeibiwa, na huyo hawezi hata kwenda kulalamika kituoni.

Haya, P2P. Hii ndiyo sehemu ya kujifunza kwa utulivu, kwa sababu ndiyo daraja kati ya USDT na simu yako. Ni watu wawili wanauziana na soko linakaa katikati kama mshenga. Wewe unayeuza, USDT zako zinafungiwa na soko. Mnunuzi anakutumia shilingi kwa M-Pesa au Airtel Money au mtandao mwingine mliokubaliana. Ukihakikisha zimeingia unabonyeza kuachia, USDT zinakwenda kwake. Ukishaachia, imekwisha, hazirudi.

Kila ujanja wa P2P umejengwa juu ya kukufanya uachie mapema. Mnunuzi mmoja alinitumia meseji ya malipo iliyopangwa vizuri kuliko za kampuni: kiasi, jina, namba ya muamala, hadi salio jipya. Nilikuwa nimekaa kwa wakala Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, wakala mwenyewe akaitazama akasema imeingia hiyo. Nikapiga *150*00#, nikaangalia salio. Hakuna kitu. Kuitazama tena meseji, imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, na hilo "salio jipya" halikukaribia hata hela niliyokuwa nayo. Huku kwenye soga jamaa ananihimiza, achia kaka, nina mgonjwa hospitali. Sikumjibu, nikakata rufaa kwenye soko, oda ikafungwa na USDT zikarudi kwangu. Ni ukoo mmoja na wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", wamesoma kidogo tu. Namba za namna hiyo huwa nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kwa hiyo meseji si malipo, picha ya skrini si malipo. Malipo ni salio lako unapoliangalia mwenyewe.

La pili ni jina. Jina la aliyetuma hela lazima lifanane na jina la mnunuzi kwenye soko. Kwenye oda anaitwa Juma, hela imetoka kwa Mwanahamisi, atakwambia ni mke wangu. Usiachie. Huenda Mwanahamisi ni mama wa watu aliyetapeliwa mahali pengine akaelekezwa atume kwako, kesho anaripoti, na laini inayofungiwa ni ya kwako. Mwambie mnunuzi hukubali malipo ya mtu wa tatu, peleka rufaa, usubiri. Hukosi kitu kwa kusubiri.

La tatu, wapo wanaolipa kweli, wakishapata USDT wanapiga simu kwa mtandao wao kudai walituma kwa makosa, muamala urudishwe. Dawa yake ni kuchagua mnunuzi mwenye oda nyingi zilizokamilika, kutunza picha za mazungumzo yote, na kutokubali kuhamia WhatsApp. Anayetaka mtoke nje ya soko kwa sababu "makato yatakuwa nafuu" anataka umwondoe mshenga tu.

Bei nayo ina mambo. Bei ya kununulia na ya kuuzia hazilingani. Tuseme unanunua USDT 37 kwa shilingi 2,700, unatoa 99,900. Saa hiyohiyo ukiziuza kwa 2,620 unapata 96,940. Karibu elfu tatu zimekwenda na soko halijatikisika, bado hujamlipa wakala. Ndiyo maana laki na nusu kununua leo ili uuze wiki ijayo ni kuwatajirisha watu wa katikati. Kwa kaka yako hesabu ni nyingine: mlinganishe jumla ya makato yenu yote na yale anayokatwa akituma kwa njia ya kawaida. Miezi mingine njia ya kawaida inashinda, nami huwa namwambia mteja wangu hivyo.

Sheria, kwa kifupi. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria nchini na fedha halali ni shilingi. Mwaka 2021 Rais Samia aliitaka ijiandae na mabadiliko haya. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajakufikia) ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Yaani kodi imefika, ulinzi bado. Ukipoteza hela humu usitegemee kurudishiwa na mtu. Ukipata kipato, weka kumbukumbu zako, siku ya kuulizwa uwe na cha kuonyesha.

Halali au haramu? Masheikh wametofautiana, muulize wako. Ila unapomuuliza mweleze kamili unachofanya, maana kupokea hela ya ndugu na kuigeuza shilingi ni habari moja, na zile "fungia sarafu upate asilimia" ni habari nyingine kabisa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Laki na nusu ibaki ilipo. Fungua akaunti kwenye soko kubwa lenye P2P ya shilingi, kwa jina lako lilelile la kwenye laini ya simu. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu inayokupa namba za muda za kuingilia. Usitegemee meseji, laini huibwa. Kisha kaka yako atume kiasi kidogo, tuseme dola 20, mkiwa mnaongea kwenye simu. Zikifika, ziuze zote, mpaka uwe na noti mkononi. Andika kwenye daftari alituma kiasi gani, umeshika kiasi gani, na muda uliotumika. Rudieni hivyo hadi mikono yako iache kutetemeka kwenye kile kitufe cha kuachia, ndipo aongeze kiasi.

Kwanza muulize anatumia soko gani na mtandao gani, kisha andika hapa kabla hajatuma. Kama ni TRC20 nitakuelekeza hatua kwa hatua, ndiyo ninayoitumia kila siku. Kama ni mtandao mwingine, wapo wadau humu wanaoujua kuliko mimi, tutawaita.