Nyayo alizozisikia Gagula

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kusoma riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani na yule ajuza Gagula amenikosesha usingizi. Je, ramli yake ilikuwa ya kweli au ulaghai mtupu? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gagula anabashiri mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Ile ya ngomani, anapopita kwenye safu za askari akinusa wachawi na kugusa watu kwa fimbo, ni mauaji tu. Kitabu chenyewe kinasema: mfalme Twala akitamani ng'ombe wa mtu au mke wake, au akimhofia, Gagula humnusa. Hapo hakuna ramli.

Ya pili inatangulia, mbele ya Twala, wageni wa kizungu wakiwa wamefika tu. Anapiga yowe kwamba ananusa damu, kwamba anasikia nyayo za mzungu zikija kutoka mbali na nchi inatetemeka.

Sehemu hiyo nilimsomea bibi yangu jikoni, Old Moshi, nikiwa darasa la sita. Alikuwa akimenya ndizi za mtori, macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi. Kisu kikasimama. "Rudia hapo." Nikarudia. "Huyo mama amesema kweli," akasema. Baba yake alikuwa mtoto Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga, Machi 1900, hapo hapo Old Moshi.

Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1885, mwaka uleule ulipomalizika Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika. Naye mtunzi wake, Rider Haggard, hakuwa akibahatisha. Alifika Natal, Afrika Kusini, mwaka 1875 akiwa na miaka 19, na mwaka 1877 alishiriki kupandisha bendera ya Uingereza kule Pretoria. Nyayo zile alizijua, zilikuwa pamoja na zake. Ndiyo maana mpaka leo naumia nikisoma: neno la kweli kuliko yote kitabuni amelitia kinywani mwa kikongwe aliyekauka kama nyani, muuaji, ili msomaji asimsikilize.

Bibi alimsikiliza. Aliniuliza mwisho wake ulikuwaje. Nikamsomea jinsi Gagula alivyomchoma kisu msichana Foulata, mlango wa jiwe ukamshukia na kumponda, na wale wazungu wakatoka na almasi mifukoni.

"Na nchi ile je, walirudi kuichukua?" akauliza. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akachukua ndizi nyingine.