Usoni alimkana mama, kwenye simu akamtambua

Dada uliyeuliza kwa nini mumeo, tangu aanguke na boda, anakuita tapeli mwenye sura ya mkewe: pole sana. Nasi yalitupata na baba, hapa Kisumu.

Baba aligongwa na pikipiki karibu na Kondele, akaumia kichwa. Aliporudi nyumbani alitukumbuka sote, hata wenye madeni yake hakuwasahau. Ila mama, ambaye tangu amwoe humwita Nyar Alego, sasa akawa "huyu mama". Alikubali kwamba sura ni ile ile na mwanya ni ule ule, "lakini siye." Tukamwonyesha kitambulisho na picha za harusi. Akacheka: tapeli gani atakosa karatasi?

Siku moja mama akampigia simu kutoka soko la Kibuye. Baba akapokea, sauti ikalainika: "Nyar Alego, umepotelea wapi? Kuna mtu hapa anavaa leso zako." Mama alilia pale pale kwenye mafungu ya nyanya.

Daktari wa akili ndiye aliyetufumbua macho. Hali hii huitwa Capgras, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza na mwenzake mwaka 1923. Ukimwona mtu wako, ubongo huitambua sura, halafu kuna kamsisimko fulani ka mazoea. Hata ngozi hutoa jasho kidogo ambalo mashine hulipima. Wanasaikolojia Ellis na Young wa Uingereza walipendekeza mwaka 1990 kwamba wagonjwa hawa huitambua sura bila ule msisimko, na vipimo vya jasho baadaye vikawaunga mkono. Sauti ina njia yake, ndiyo maana simu ilimfikia. Sasa fikiria: uso wa mkeo huo hapo, na ndani yako kimya. Utasema nini? Lakini wapo waliopoteza msisimko huo na bado hawamkani mtu, kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba pia imelegea ile sehemu ya kujiambia, "hebu ngoja, hili haliwezekani."

Majirani walisema karogwa. Mkesha wa maombi ulimzidishia hofu tu.

Tuliacha kubishana naye. Mama akawa anaanza kuongea akiwa bado nje, sauti imtangulie. Dawa alikunywa. Panga na visu tulificha, nawe fanya hivyo leo, kwani wengine humdhuru huyo "tapeli". Na umtafute daktari wa akili, usingoje.

Baada ya miezi kama mitano, tukiwa mezani, baba alisema, "Nyar Alego, nipe chumvi." Hakuna aliyethubutu kuinua macho. Mama akampa chumvi.