Jifunze Kifaransa kwa Kiswahili chako

SWALI: Ni kijana wa Kilwa Masoko, naongoza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Najifunza Kifaransa mwenyewe kwa kitabu cha Kiingereza. Maneno ninayo mengi, ila sentensi hazikai sawa. Nikisema “je suis soif” wageni wanacheka. Le na la nazo zinanichanganya. Nifanyeje?
Msomaji, Lindi

JIBU: Ndugu yetu, kinachokuponza ni kupitia Kiingereza: umefuata I am thirsty, ndipo ukasema je suis. Mfaransa husema ana kiu, kama usemavyo wewe. Nina kiu ni j’ai soif, nina njaa ni j’ai faim, nina miaka 22 ni j’ai vingt-deux ans. Kwa hiyo anza na kitenzi avoir, kuwa na: j’ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Kisha être, kuwa: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont. Vishike hivi viwili kwanza, maana ndivyo vinavyojenga wakati uliopita: j’ai mangé, nimekula, je suis venu, nimekuja.

Le na la ni ngeli mbili tu, na wewe umekua na nyingi kuliko hizo. Usikariri mosquée, msikiti, peke yake, kariri la mosquée. Vivyo hivyo le palais, kasri. Ukikosea hapo, kosa linahamia kwenye kivumishi, kama mtu anayesema “nyumba mweupe”. Mbele ya Msikiti Mkuu sema la mosquée est ancienne, msikiti ni wa kale, na n ya mwisho isikike. Ukifika kwenye kasri la Husuni Kubwa, le palais est ancien: hapo n haitamkwi, sauti inatokea puani. Ongeza karne yake, du quatorzième siècle, ya 14.

Kiwakilishi usikiache kamwe. “Nasema” inajitosheleza kwa sababu ya na-. Lakini parle, parles na parlent zinatamkwa sawasawa. Bila je, tu au ils hajulikani anayesema.

U yetu ndiyo ou yao. Ili kupata u ya tu, tamka i, ulimi usiusogeze, kisha viringisha midomo. Mgeni, hata akiwa mmoja, mwite vous, yaani nyinyi ya heshima, na usimuulize lolote kabla ya bonjour.

Kila siku andika sentensi tano za kituo kimoja cha matembezi, uzisome kwa sauti, halafu uzikanushe: ne mbele ya kitenzi, pas nyuma yake. Je n’ai pas soif. Wenyewe wakizungumza haraka huimeza ne, kwa hiyo sikilizia pas.